Bomba la Maji la Chini ya Ardhi Likiganda: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Minnesota na Winnipeg

Ni asubuhi ya katikati ya Machi. Jua limetoka, theluji ya paa inadondoka, watoto wamekwenda shule bila kofia. Unafungua koki ya jikoni, inakohoa mara moja, inatoa matone mawili, kisha kimya. Wengi hapo hudhani mji umekata maji au bili haikulipwa, maana nani atafikiria barafu siku yenye jua? Kumbe huu ndio wakati wake hasa. Hewa hupoa kwa usiku mmoja, lakini udongo huchukua miezi kupoa, na huchukua miezi mingine kupata joto. Mwongozo huu ni kwa ndugu wanaoishi Minneapolis, Saint Paul, Winnipeg na miji jirani yenye baridi kama hiyo, wawe wenye nyumba au wapangaji.

Kwa nini ligande wakati baridi inaondoka

Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi −33°C. Siku ya namna hiyo hugandisha bomba lililopita kwenye ukuta wa nje au chini ya sinki la jikoni. Bomba lililozikwa futi 7 haliijui siku hiyo. Linachojua ni jumla ya baridi yote tangu Desemba: ardhi iliyoganda hushuka polepole, wiki baada ya wiki, na huendelea kushuka hata baada ya watu kuvua makoti. Winnipeg, katika msimu wa 2013–2014, zaidi ya nyumba 2,000 zilikosa maji kwa sababu hii, na foleni ya kuyeyushiwa mabomba iliendelea hadi majira ya kuchipua.

Theluji ni blanketi ya udongo. Palipo na theluji nene isiyokanyagwa, barafu ya ardhini haiendi mbali. Lakini barabara, njia ya miguu na njia ya gari husafishwa kila theluji ikianguka, kwa hiyo hapo baridi huzama moja kwa moja. Ndiyo maana mahali panapoganda mara nyingi ni chini ya lami au zege, na mara chache chini ya majani ya uani. Kumbuka jambo hili, litakusaidia utakapotaka kukisia barafu iko wapi.

Jambo la pili ni maji yaliyosimama. Maji yanapopita, kila lita huleta joto kidogo kutoka bomba kuu la mtaa. Nyumba ya watu wanane wanaofua na kuoga kila siku haigandi kirahisi. Nyumba ya mtu mmoja anayefanya kazi zamu mbili, au familia iliyosafiri Nairobi kwa wiki tatu, ndiyo inayokamatwa.

Hakikisha kwanza ni bomba la ardhini

Kabla hujampigia mtu simu, fanya ukaguzi huu. Hauchukui hata robo saa.

Muulize jirani kama ana maji. Kama naye hana, tatizo ni la mtaa: bomba kuu limepasuka au mji umefunga. Piga simu mjini na usubiri. Kama yeye anayo, fungua koki zote za kwako, za moto na za baridi, ghorofani na basementi. Koki moja au bafu moja tu likiwa kavu, barafu iko ndani ya ukuta wa nyumba, na hiyo ni kazi nyingine.

Zote zikiwa kavu, shuka basementi mahali bomba linapoingilia kutoka sakafuni au ukutani. Utakuta valvu, halafu mita, halafu valvu ya pili. Hakikisha valvu zote mbili ziko wazi. Hutokea mtoto au fundi amefunga moja. Kisha shika bomba na mita kwa mkono. Kama chumba hicho kina baridi kali na mita ina ukungu wa barafu, huenda ni mita iliyoganda. Hapo tumia kikausha nywele kwa joto la chini, ukianzia upande wa koki iliyo wazi na kurudi nyuma. Usimwagie mita maji yanayochemka wala usitumie moto. Mita nyingi zina bamba la chini lililotengenezwa makusudi livunjike kabla mwili wa mita haujapasuka, na ukilivunja utapata mafuriko barafu itakapoachia.

Kama basementi ina joto la kawaida, bomba unaloliona halijaganda, valvu ziko wazi, na koki iliyo chini kuliko zote, kwa kawaida ya sinki la kufulia, haitoi hata tone, basi barafu iko ardhini.

Saa ya kwanza

Acha koki moja tu wazi, ya maji baridi kwenye sinki la kufulia basementi, na hakikisha sinki halina kitambaa wala chombo kitakachoziba tundu. Funga nyingine zote. Sababu ni mbili. Barafu ikiachia wakati umelala, maji yatashuka pale pasipo na hasara badala ya kufurika kutoka sinki la juu. Na mkondo ule mdogo ndio utakaoendelea kulinda bomba lisigande tena.

Geukia hita ya maji. Tanki la kawaida la nyumbani hubeba galoni 40 hadi 50, yaani lita 150 hadi 190, na hiyo ndiyo akiba yako ya kuogea na kusukumia choo. Lakini zima hita kabla hujachota: ya gesi irudishe kwenye alama ya chini kabisa, ya umeme izime kwenye boksi la umeme. Fito za hita ya umeme zikibaki wazi bila maji huungua kwa muda mfupi sana. Maji yakishapoa, fungua koki ya moto ghorofani ili hewa iingie, kisha chota kwenye koki ndogo iliyo chini ya tanki.

Nyumba nyingi za zamani za Saint Paul hupashwa joto kwa boila na radieta za maji. Angalia geji ya boila. Ikiwa imepoa, kawaida husoma psi (kipimo cha presha) 12 hadi 15. Boila haiwezi kujijaza wakati bomba limeganda, kwa hiyo ukiona sindano inashuka siku hadi siku, mwite fundi wa boila mapema. Nyumba yote kukosa joto ni balaa kubwa kuliko kukosa maji.

Ya kunywa, hesabu lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Choo unaweza kukisukuma kwa ndoo: mimina lita 6 kwa nguvu mara moja, si polepole. Theluji iliyoyeyushwa inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Bomba ni la nani, na limetengenezwa kwa nini

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Bomba linalotoka mtaani hadi kwenye mita yako lina sehemu mbili zinazokutana kwenye valvu iliyofukiwa karibu na barabara, yenye kifuniko kidogo cha chuma. Katika miji mingine mji humiliki hadi valvu hiyo na wewe unamiliki kutoka hapo hadi ndani. Katika mingine bomba lote, hadi bomba kuu, ni la mwenye nyumba. Ipigie simu idara ya maji ya mji wako kabla hujamwita fundi yeyote, na uulize maswali matatu: mpaka uko wapi, je mji unayeyusha bure au kwa malipo, na je kuna mafundi wanaoruhusiwa pekee. Miji mingine hutuma watu wake, na ukimlipa fundi binafsi bila kuuliza, hurudishiwi.

Mpangaji asiguse mita wala valvu ya mtaani. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye tarehe na saa, na hifadhi picha za koki kavu. Minnesota, kifungu 504B.381 cha sheria kinahesabu kukosa maji ya bomba kuwa dharura: mpangaji humjulisha mwenye nyumba angalau saa 24 kabla, kisha anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya matengenezo. Wenye nyumba wengi hushughulika haraka wanapoona mpangaji anaijua sheria hiyo.

Fundi atakuuliza bomba ni la aina gani. Pima pale linapoingilia basementi. Kwanguakwangua rangi ya juu kwa ncha ya ufunguo, halafu weka sumaku. Likitoa rangi ya sarafu nyekundu, ni shaba. Sumaku ikishika, ni chuma kilichopakwa zinki. Sumaku isiposhika, na mkwaruzo ukatoka laini na kung'aa kama fedha, hiyo ni risasi. Plastiki utaitambua kwa macho: nyeusi, buluu au nyeupe. Nenda na tochi, piga picha, mtumie fundi kabla hajaja, maana jibu hili linaamua mashine atakayopakia garini.

Usikubali umeme

Kwa miaka mingi njia ya kawaida ilikuwa kuunganisha mashine ya kuchomelea vyuma kwenye bomba, ncha moja basementi na nyingine kwenye valvu ya mtaani, ili mkondo wa umeme upashe bomba. Kwenye shaba inafanya kazi, na haraka. Tatizo ni kwamba umeme haulazimiki kupita ulikopangiwa. Bomba la maji mara nyingi limefungwa na waya wa ethi wa nyumba (unaopeleka umeme uliopotea ardhini), na kupitia hapo limeungana na bomba la gesi na hata nyumba ya jirani. Kiungio cha ardhini kikiwa kimeoza au kina gasketi ya mpira, mamia ya ampea hugeukia waya za ethi zilizopita ukutani, na waya hizo huwaka mahali ambapo huoni. Nyumba zimeungua namna hii, nyingine ya jirani kabisa na ile iliyokuwa ikiyeyushwa. Kwenye plastiki umeme haupiti hata kidogo.

Mwombe fundi mashine ya maji ya moto: inapitisha mrija mwembamba ndani ya bomba hadi kwenye barafu na kuipiga kwa maji ya moto. Inafaa kwa shaba na plastiki pia. Inachukua muda zaidi, lakini haichomi nyumba. Mvuke nao hutumika, ila kwa plastiki na mikononi mwa asiye mzoefu unaweza kulainisha bomba.

Kuyeyusha mwenyewe kwa mrija wa maji ya moto

Kazi hii inawezekana kwa mtu anayezoea vyombo vya bomba, chini ya masharti manne: bomba ni la shaba au plastiki, lenye kipenyo cha inchi 3/4 au zaidi; linaingia bila kona kali; valvu kabla ya mita inafunga sawasawa; na mji umekuruhusu kutoa mita, kwa sababu mita ni mali yao na mara nyingi ina lakiri. Bomba la risasi liache kabisa. Kusugua ndani yake hubandua chembe za risasi zitakazokuja kwenye maji ya kunywa. La chuma la zamani pia liache, kutu huziba njia na kunasa mrija.

Hesabu ya joto ni rahisi na inafaa uijue. Bomba la shaba la inchi 3/4 lenye urefu wa futi 40 hubeba karibu lita 3.4 za maji. Likiganda lote, kwa nadharia lita 5 na nusu za maji ya 50°C zinatosha kuyeyusha barafu hiyo. Kwa vitendo joto jingi hupotea njiani, kwenye maji yanayorudi na kwenye udongo, kwa hiyo andaa lita 20 na uwe na njia ya kuzipasha tena na tena. Umuhimu wa hesabu hii ni kukuonyesha kwamba maji yanayochemka hayahitajiki. Kinachohitajika ni maji ya moto wa wastani yafike kwenye uso wa barafu bila kukoma.

Vitu vya kununua: mrija wa PEX (plastiki inayostahimili maji ya moto) wa inchi 1/4, futi 100 (aina ya poli nyeupe ya friji hulainika kwenye joto na kujikunja), tii (kiungio chenye umbo la T) moja ya shaba ya inchi 3/4, kiungio cha kubana mrija cha inchi 1/4, adapta ya kuunganisha tii na mahali pa mita, pampu ndogo ya volti 12 ya magari ya kambi, ya psi 45 hivi, kipande cha mpira mpya wa maji futi 6, ndoo mbili mpya za galoni 5, kipimajoto cha jikoni, na tepu ya rangi. Soma lebo ya pampu uone kikomo chake cha joto, nyingi hazipendi zaidi ya 55°C. Vyote viwe vipya na safi, kwa sababu unaingia kwenye bomba la maji ya kunywa.

Maandalizi ya kiungio ndiyo siri ya kazi nzima. Ndani ya kiungio cha kubana kuna kidato kinachozuia mrija usipite. Kitoboe kwa keekee ya inchi 1/4, au unywele zaidi, hadi mrija uteleze moja kwa moja. Ukikaza nati kwa mkono mrija utateleza huku ukivuja matone tu, na hivyo ndivyo unavyotaka. Mrija unaingia kwa mdomo ulionyooka wa tii. Mdomo wa pembeni unafungiwa mpira unaorudi kwenye ndoo.

Sasa fuata hatua kwa mpangilio huu, mkiwa watu wawili.

1. Funga valvu iliyo kabla ya mita, kisha iliyo baada. Kama bomba ni la shaba, hakikisha kuna waya mnene wa ethi unaovuka mita kutoka bomba hadi bomba. Kama haupo, funga waya wa muda wenye klempu kabla hujalegeza chochote. Bomba hilo linaweza kuwa linapitisha umeme wa nyumba, na ukilikata kwa mikono miwili utakuwa wewe ndiye waya.

2. Toa mita, funga tii mahali pake upande wa mtaani. Tandika kitambaa chini, maji machache yatamwagika.

3. Weka alama ya tepu kwenye mrija kila futi 5. Nyoosha mrija kwa kuulaza kwenye maji ya moto dakika chache, la sivyo utajipinda ndani kama chemchemi na kukwama futi ya kumi.

4. Jaza ndoo maji ya 50°C, weka kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe (bleach), isiyo na manukato. Washa pampu na uiache itoe hewa yote hadi mrija utoe mchirizi usiokatika.

5. Fungua valvu ya kabla ya mita yote, sukuma mrija taratibu hadi ugonge barafu. Soma alama. Ukigonga futi ya 22 na njia yako ya gari iko umbali huo, umekwisha kujua barafu iko wapi.

6. Acha maji yazunguke. Yatarudi kwa mpira yakiwa baridi, yamiminike kwenye ndoo ya pili, uyapashe, uyarudishe. Sukuma kwa vidole viwili tu, bila nguvu. Mrija utasogea nusu inchi, utasimama, utasogea tena. Vuta nyuma inchi chache kila baada ya muda ili usinaswe na maji yanayoganda nyuma yake.

7. Mwenzako akae mkono juu ya valvu muda wote. Barafu ikiachia utaijua: maji yanayorudi yatakuja kwa kishindo, baridi sana, yenye vipande vya barafu. Yaache yapite dakika mbili au tatu kuelekea tundu la sakafuni yakombe njia. Kisha vuta mrija wote utoke nje ya valvu, na hapo hapo mwenzako afunge.

8. Rudisha mita na gasketi mpya, fungua valvu polepole, kagua uvujaji.

Mambo huharibika wapi? Maji yakiacha kurudi, theluji ya barafu imeziba nafasi kati ya mrija na bomba: vuta futi moja nyuma, subiri. Maji yanayorudi yakiwa ya moto karibu sawa na yanayokwenda, mrija umepinda mahali na ncha haigusi barafu. Mrija ukikataa kabisa mahali pamoja, na maji yakirudi vizuri, umefika kwenye kona au kiungio. Simama, mwite fundi. Na valvu ikiwa ya zamani ya kuzungusha mara nyingi, iliyoganda kwa chokaa, usianze kazi hii hata kidogo. Presha ya mtaani ikifika ukiwa huna cha kuizuia, basementi itajaa kabla mji haujaleta mtu wa kufunga valvu ya nje.

Maji ya jirani kwa muda

Foleni ya mafundi ikiwa ndefu, mpira wa jirani utakuokoa. Tumia mpira ulioandikwa kuwa unafaa kwa maji ya kunywa. Wa kijani wa bustani huacha ladha na kemikali. Funga kwanza valvu yako ya baada ya mita, ili maji ya jirani yasirudi mtaani. Unganisha mpira kwenye koki yake ya nje na, kwa upande wako, kwenye koki yenye nyuzi ya sinki la kufulia, kwa adapta yenye nyuzi za ndani pande zote mbili. Usitumie koki yako ya nje: nyingi mpya zina kizuizi cha maji kurudi nyuma, kwa hiyo kuingiza maji kupitia hapo hushindikana. Koki nyingine ndani ya nyumba yako iachwe ikichuruzika usiku kucha, bila hivyo mpira utaganda kabla ya saa sita. Ujulishe mji, wengine wana utaratibu wao na hurekebisha bili ya jirani.

Wenye visima

Nje ya mji, maji hutoka kisimani kwa bomba la poli la inchi 1 au 1¼ hadi tanki la presha basementi. Koki zikikauka, zima pampu kwenye boksi la umeme mara moja. Pampu inayosukuma dhidi ya barafu bila maji kupita hupata joto na kuungua. Kisha angalia kitu kidogo kabla ya kikubwa: swichi ya presha hukaa juu ya kipande chembamba cha bomba la inchi 1/4, na kipande hicho kikiganda kwenye chumba baridi swichi haisomi presha. Kipashe kwa kikausha nywele, washa tena. Kama bado, barafu iko kati ya kisima na nyumba, na mrija wa maji ya moto hufanya kazi vizuri hapo kwa sababu bomba la poli halina viungio vingi. Usiache koki ichuruzike kwenye tanki la maji taka la kwako: mchirizi mwembamba unaopita polepole hugandisha bomba la maji taka, na maji mengi hujaza eneo la udongo linalofyonza maji taka. Toa mchirizi nje kwa mpira, mbali na msingi wa nyumba.

Baada ya maji kurudi

Bomba lililoganda huenda limepasuka, maana maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Ufa ulio kabla ya mita hutauona kwenye mita. Funga koki zote, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba la kuingilia na mpini sikioni. Sauti ya kuvuma isiyokoma ni maji yanayotoka ardhini. Angalia pia uwanja: sehemu iliyolainika ghafla au maji yanayobubujika kandokando ya lami.

Toa vichungi vidogo vya ncha za koki, endesha maji baridi dakika kumi, osha vichungi, rudisha. Kama bomba ni la risasi, tumia chujio lililoidhinishwa kuondoa risasi kwa kunywa, kupika na kutengenezea maziwa ya mtoto. Kuchemsha hakuondoi risasi.

Halafu usifunge ile koki ya basementi. Udongo unaolizunguka bomba bado ni barafu, na maji yakisimama yataganda tena usiku huohuo. Mchirizi wa unene wa penseli ndio unaoagizwa mara nyingi. Ukitaka kipimo cha chini, jagi la lita 1 lijae kwa dakika 2. Hizo ni lita 720 kwa siku, na zinabadilisha maji yote ya bomba la futi 40 kila dakika 7. Mji ukikuagiza kuchuruzisha, omba agizo hilo kwa maandishi, mingine hupunguza bili kwa ajili yake.

Msimu ujao

Kuanzia Januari, mara moja kwa wiki, fungua koki ya baridi dakika tano na utumbukize kipimajoto kwenye glasi inayofurika. Andika namba ukutani kando ya mita. Ikishuka chini ya 40°F, yaani karibu 4°C, anza kuchuruzisha siku hiyo hiyo. Usiondoe theluji yote kutoka juu ya njia ya bomba kama huna haja ya kupita hapo. Ukichimbua njia ya gari kwa sababu nyingine yoyote, laza juu ya bomba mbao za povu gumu la kuhifadhi joto la inchi 2, upana wa futi 4. Kabla ya kuchimba, ukiwa Marekani, piga 811. Huduma ni bure Marekani nzima, na watakuja kuweka alama za gesi na umeme.

Kufunga mchirizi nako kufuate kipimajoto. Endelea kupima kila wiki baada ya theluji kuisha. Namba ikipanda juu ya 45°F na kubaki hapo wiki mbili mfululizo, funga. Minnesota hilo hutokea mara nyingi mwishoni mwa Aprili au Mei, Winnipeg baadaye kidogo.